Mchanga wa Ufipa

Safari yetu ya mwezi huu yatupeleka pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania, katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Nchi hii imeinuka baina ya maziwa mawili: magharibi yake ni Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, na mashariki yake ni Rukwa, ziwa lisilo na kina kirefu wala mto uyatoao maji yake. Mtu atokaye Tunduma hupita Laela, na baada ya kilomita zaidi ya 200 hufika Sumbawanga, mji uliokaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai mgeni wa kutoka pwani hutafuta koti kabla hajatafuta chai. Jina la mji, kama wenyeji wasemavyo, latokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kuutupa uchawi, na kwa sababu ya jina hilo watu wa mbali wameutungia mji huu hadithi chungu nzima. Hizo twawaachia wenye kuzipenda. Sisi tumekuja kutazama kitu ambacho kila mtu hukikanyaga na wachache hukiuliza habari zake, nacho ni mchanga.

Pita mitaa mipya ya Sumbawanga siku yoyote ya kiangazi. Mbele ya kila nyumba inayojengwa utaona fungu la mchanga. Watoto huteleza juu yake, kuku hujiogesha ndani yake, na mwenye nyumba hutoka asubuhi kuutazama kama atazamavyo mahindi ghalani, maana ameulipia kwa tripu ya lori na anajua hautoshi. Ukimwuliza umetoka wapi, atakwambia umetoka mtoni. Ukimwuliza ulifikaje mtoni, atakutazama usoni kuona kama unamfanyia mzaha.

Basi tuanze mbali kidogo. Chini ya majani ya Ufipa kuna miamba ya kale mno, iliyobanwa na kupikwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 1.8 iliyopita. Wataalamu huiita miamba ya Ubende, kwa jina la nchi jirani ya Wabende. Katika milima ya Mbizi, mashariki ya mji, ambayo vilele vyake hupita mita 2,400, na katika makorongo ya bonde la Rukwa, miamba hiyo hutokeza wazi. Chukua kipande chake ukitazame juani. Utaona mistari na madoa ya namna tatu. Kuna madoa ya rangi ya maziwa au waridi, ambayo ni feldispa. Kuna magamba membamba yang'aayo kama ya samaki, ambayo ni ulanga. Na kuna punje ngumu zenye sura ya kioo chenye ukungu, nazo ni kwatzi.

Mvua ya Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Maji ya mvua hushika hewa ya kaboni angani na katika udongo, yakawa na ukali mdogo kama wa ndimu iliyotiwa maji mengi mno. Ukali huo hauonekani, lakini hauchoki. Huingia katika nyufa za mwamba pamoja na mizizi ya miti, ukaila feldispa polepole hata ikageuka kuwa udongo wa mfinyanzi. Ulanga hubanduka tabaka baada ya tabaka. Kwatzi peke yake hukataa kuyeyuka. Jirani zake wakiisha kuoza huanguka chini, na punje hizo zilizoanguka ndizo mchanga. Kwa hivyo udongo wa mfinyanzi na mchanga ni ndugu wa baba mmoja: mmoja alilainika, mwingine akashikilia ugumu wake. Kisha mvua kubwa huwatenganisha. Tope laini huelea na kwenda mbali, na ndilo lifanyalo mito iwe na rangi ya chai ya maziwa. Mchanga mzito huburutwa chini chini na kutua kila mahali mto upunguzapo mwendo, katika kona, nyuma ya mawe, na katika vijito vya bondeni.

Wataalamu huita mchanga kila punje iliyo ndogo kuliko milimita 2 na kubwa kuliko sehemu ya 16 ya milimita moja. Ikizidi hapo ni changarawe, ikipungua ni tope au vumbi. Kipimo hiki hakiulizi punje imetokana na nini. Ndiyo maana mchanga mweupe wa fukwe za Unguja, ambao sehemu yake kubwa ni vipande vya matumbawe na makombe, ni mchanga, na huu wa Ufipa, uliotoka katika mwamba, ni mchanga vile vile, ijapokuwa asili zao ni mbali kama bahari na mlima. Vijana wenye sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu waipitishe juu ya mchanga mkavu wa mtoni. Mara nyingi itanyanyuka na ndevu nyeusi: hizo ni punje za madini ya chuma, zilizosafiri pamoja na kwatzi kutoka mwamba ule ule.

Mchanga wa Ufipa una njia mbili za kuteremka. Mito ielekeayo mashariki na kusini, kama Momba, huupeleka katika bonde la Rukwa, na huko hukaa, maana ziwa lile halina mlango wa kutokea. Mito ya magharibi huupeleka Tanganyika. Mkubwa wa kusifika kati ya hiyo ni Kalambo, ambao ni mpaka wetu na Zambia, na ambao kabla ya kufika ziwani hujitupa kutoka ukingo wa nyanda za juu kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200.

Hapo Kalambo twaomba msomaji asimame nasi kidogo, kwa kuwa ni mahali ambapo mchanga umetoa ushahidi uliosikika dunia nzima. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, kuna kingo za mto zenye tabaka za mchanga na tope zisizokauka. Profesa Desmond Clark alianza kuchimba huko katika miaka ya 1950, akapata zana za mawe na vipande vya miti vilivyohifadhiwa na unyevu, lakini hakuwa na njia ya kujua kwa hakika umri wake. Mwaka 2019 wachimbuzi walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walifukua magogo mawili yaliyopandanishwa, moja likiwa limechongwa pengo ili lilalie jingine. Habari zake zilitangazwa mwezi wa Septemba 2023, na umri uliotajwa ni miaka isiyopungua 476,000. Hapajaonekana bado mahali pengine duniani kazi ya kuunganisha miti iliyo kongwe kuliko hiyo.

Umri huo walikuwa wamehojiwa wachanga, si miti. Punje ya mchanga ikifunikwa gizani hupokea kidogo kidogo nguvu ya mnururisho itokayo katika udongo na mawe ya jirani, ikaiweka akiba ndani yake. Ikitoka juani, akiba ile hufutika mara moja. Kwa hivyo mtaalamu huchukua punje bila ya kuzionyesha jua, akazimulika kwa mwanga maalumu ndani ya chumba chenye giza, kisha akapima mwanga mdogo mno zitoao. Wingi wa mwanga humwambia ni tangu lini hazijaliona jua. Kitu tukipukusacho viatuni kabla ya kuingia ndani chaweza kuweka hesabu ya karibu miaka nusu milioni. Kwetu sisi hili ni jambo la kumfanya mtu amtukuze Muumba wake, na hatuoni haya kulisema.

Turudi Sumbawanga, kwenye mashimo ya mchanga. Wafanyao kazi hapo wengi ni vijana wenye sururu na chepeo, na baadhi yao bado wana umri wa kuwa darasani. Mchanga una tabia ambayo kila mzazi mwenye kijana shimoni yampasa aijue. Ukikauka hauwezi kusimama wima. Umimine upendavyo, utajilaza kwa mteremko wa nyuzi 34 hivi, hauzidi sana. Ukiwa na unyevu kidogo, maji yaliyo baina ya punje huzishikanisha, na ukuta wa mchanga waweza kusimama wima kama umejengwa. Ukijaa maji tele, mshikamano ule huondoka tena. Sasa tazama hatari yake. Kijana huanza asubuhi kuchimba chini ya ukingo, na ukingo umesimama kwa nguvu ya umande na unyevu. Jua hupanda, uso wa ukuta hukauka. Au mvua hunyesha, maji hujaa ndani. Ukuta hauna mlio wala ufa wa kutoa onyo. Mchemraba wa mita moja kila upande wa mchanga wa majimaji una uzito wa karibu tani mbili, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kuvuta pumzi ingawa kichwa chake ki nje. Wachimbaji wenye busara huanza juu wakashuka kwa ngazi, wala hawachimbi pango chini ya ukingo. Tajiri wa lori hana haja ya kujua hayo, kwani yeye hangojei shimoni.

Wafipa wa zamani waliujua mchanga kwa kazi zao wenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ya nyanda hizi ni ya kichanga, haishiki maji wala mbolea kwa muda mrefu. Mkulima wa Kifipa hakungoja mbolea ya dukani. Mvua zikielekea ukingoni, aliyageuza majani pamoja na udongo wake akafanya vilima vya mviringo viitwavyo intumba. Majani yalioza ndani, na juu yake yakapandwa maharage na mengineyo. Msimu uliofuata vilima vikavunjwa na kutandazwa, ukapandwa ulezi. Kwa maneno mengine alikuwa akiupa mchanga kile ulichonyimwa na asili yake. Kilimo hicho kimewashangaza wataalamu wengi wa ardhi, na hadi leo wapo wakulima wakifanyao.

Na kuna habari ya chuma. Katika vijiji kadhaa vya Ufipa bado yamesimama magofu ya tanuri ndefu za udongo, ilungu kwa mmoja na malungu kwa wengi, zenye kimo cha mita tatu hivi, zilizovuta hewa zenyewe bila ya mivuo. Baada ya ilungu, chuma kilisafishwa katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe, na huko mivuo ilitumika. Mawe ya chuma yana mchanga ndani yake. Katika moto mkali mchanga huo huungana na sehemu ya chuma, ukayeyuka na kuganda kuwa yale mawe meusi yenye matundu tuyaitayo mavi ya chuma. Ukiyaona yametapakaa shambani, ujue kwamba hapo palikuwa na mafundi. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, chuma cha viwandani kilipojaa madukani.

Nyumbani, matumizi yake ni mengi mno hata hatuyahesabu. Kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha madini kinachoishia 10, nayo hukwaruza kioo. Ndiyo sababu mchanga husugua sufuria lililoungua, na ndiyo sababu mama mwenye sufuria jepesi la alumini asisugue kila siku, maana huondoa na sufuria lenyewe. Karanga hukaangwa ndani ya mchanga wa moto ili zipate joto pande zote zisiungue upande mmoja. Mfinyanzi hutia mchanga katika udongo ili chungu kisipasuke motoni, na mfyatua matofali hunyunyiza mchanga katika kibao ili tofali litoke bila ya kunata. Ndoo nyekundu za mchanga zilizotundikwa kwenye vituo vya mafuta hazikuwekwa kwa urembo: petroli ikiwaka, maji huieneza, mchanga huifunika. Ukiyeyushwa pamoja na magadi na chokaa, mchanga safi wa kwatzi huwa kioo. Miwani ya babu asomaye ukurasa huu ilianza hivyo.

Sheria yetu pia imeutaja udongo. Ruhusa ya kutayamamu kwa asiyepata maji, au aliye mgonjwa wa kudhuriwa nayo, imo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 43, na Al-Maida, aya ya 6. Maulamaa wamekhitilafiana katika maana ya neno said lililotumika humo. Wahanafi na Wamaliki wamesema ni kila kilicho cha uso wa ardhi, hata mchanga mtupu na jiwe. Mashafii, ambao ndio wengi wetu Afrika Mashariki, wameshurutisha udongo safi wenye vumbi la kushika mkono. Mchanga wafaa ikiwa una vumbi ndani yake. Sasa mtazame fundi mwashi wa Sumbawanga anapopelekewa mchanga. Naye huuchukua kiganjani, akausugua, akaumwaga, akautazama mkono wake. Mkono ukibaki na vumbi, fundi huukataa mchanga. Kiganja ni kile kile, na alama itafutwayo ni ile ile, lakini mchanga umfaao fundi haumtoshi Mshafii kwa tayamamu, na umfaao Mshafii hauinui ukuta.

Na fundi ana haki ya kuukataa. Vumbi na tope huizunguka kila punje kama nguo, saruji isipate kuigusa. Ukuta uliojengwa hivyo hukauka vizuri, hupakwa rangi, husifiwa na wageni, kisha baada ya miaka michache plasta hubanduka kwa vipande. Wengi wajengao nyumba, au madrasa kwa michango ya watu, huhesabu mifuko ya saruji kwa makini na hawautazami mchanga hata kidogo. Asiyeamini kiganja chake na afanye hivi. Achukue chupa ya kioo iliyo nyoofu, aitie mchanga hadi nusu, aongeze maji karibu yajae na chumvi kidogo, aitikise sana, kisha aiache imetulia saa tatu. Mchanga utatua chini, na tope litakaa juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Tabaka hilo likizidi sehemu 8 kwa kila 100 za kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Katika zege la kawaida sehemu moja ya saruji huchukua mbili za mchanga na nne za kokoto. Yaani mchanga ni mara mbili ya saruji, na bado watu huuita kichafuzi cha uwanja.

Huenda msomaji akasema kwamba mchanga hautakwisha, jangwa limejaa. Ndugu zetu walioko Oman wanaijua Sharqiya na vilima vyake vya mchanga. Lakini upepo hugonganisha punje kwa nguvu kuliko maji, ukazifanya za mviringo na laini, na zege la punje kama hizo ni dhaifu. Hata nchi za Ghuba hutumia mchanga wa kusaga kutoka majabalini. Mchanga wa mto wa karibu na mlima, wenye pembe kali, ndio unaotakiwa na kila mjenzi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilieleza katika mwaka 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 hivi za mchanga na kokoto kwa mwaka. Baada ya maji, hakuna kitu kingine watu wakichukuacho kwa wingi huo.

Na maji ndiyo jambo la mwisho tulilotaka kulisema, ambalo bei ya lori haikulihesabu. Baina ya punje za mchanga kuna nafasi, karibu theluthi ya ujazo wake, na nafasi hizo hushika maji. Wakamba wa Kenya wamelifanya jambo hili kuwa elimu. Hujenga kuta fupi katika mito yao ya msimu, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Kiangazi kikija huchimba kidogo wakayapata, yakiwa yamechujwa. Mchanga ulipoanza kusombwa kwa malori kwenda mijini, visima vya mtoni vilikauka, na kaunti ya Makueni ikatunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Kwetu Tanzania, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeuhesabu mchanga kuwa madini ya ujenzi yahitajiyo leseni, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa.

Mita 60 ni hatua 80 hivi za mtu mzima. Tulipokuwa tukitembea katika mabonde yaliyo pembezoni mwa mji tulihesabu hatua hizo mara kadha wa kadha, tukitoka majini kuelekea kwenye mashimo. Mara nyingi tulifika kabla ya hesabu kufikia 20. Chini kidogo ya shimo moja, mwanamke mmoja na binti yake walikuwa wamepiga magoti kando ya kijito, wakifukua mchanga kwa kata ili maji yachuruzike. Ndoo yao ilikuwa na maji kidogo, na kidimbwi kilikuwa kimefika kina cha mkono mzima wa yule binti.